Sifuri ya Msoma Jasho

Kila asubuhi, kabla sijamsoma mtu yeyote, nilikuwa naweka kidole gumba changu juu ya kioo cha mashine na kuhesabu hadi tano. Kioo kiling'aa buluu, kikaandika: SIFURI TAYARI. Hapo ndipo nilipopata haki ya kushika mikono ya watu.

Sababu yake ni nyepesi. Msomaji huishika mashine kutwa nzima, mkono wake hutoa jasho kama mikono yote, na jasho hilo huenea kila mahali kwenye kioo. Kwa hiyo sharti mashine ilijue kwanza jasho la bwana wake, ipate kuliondoa. Maji yoyote yaliyomo mwilini mwa msomaji, mashine huyahesabu kuwa si kitu. Ndiyo maana wasomaji tuliapishwa tusinywe ila maji ya chupa tulizopewa na Kampuni, zilizofungwa kwa lakiri nyekundu.

Asubuhi ile ya Ramadhani niliweka kidole changu nikijua kwamba kiapo nimekivunja.

Ilikuwa gilasi moja tu. Jioni iliyotangulia nilikwenda Barabara ya Kumi na Saba kubandika tangazo la usomaji, na adhana ya Magharibi ikanikuta mbele ya baraza ya Bi Salha. Mtaa mzima ulikuwa umekusanyika pale, kama ulivyokusanyika kila Ramadhani tangu enzi za marehemu mumewe. Bi Salha alikuwa na jagi mkono wa kulia na sahani ya tende mkono wa kushoto. Akaninyoshea gilasi. Mtu aliyelelewa Tanga hanyoshewi maji na tumbo lina saumu akasema, "Ahsante, nina yangu begani." Koo langu lilikwisha kumeza kabla kichwa hakijakumbuka kazi yangu ni nini.

Usiku nilijidanganya. Gilasi moja, nikajiambia, itapotea kama tone la mate baharini. Asubuhi kioo kikaandika SIFURI TAYARI, nami nikatembea kifua mbele kama mtu mwaminifu.

*

Ulikuwa mwaka wa kumi na moja tangu jiji liuze mabomba yake. Kampuni iliyoyanunua ilikuwa na maneno yake, imeyachora kwenye kila ukuta uliosimama: KILA TONE NA MWENYEWE. Hawakuwa wakipamba lugha. Katika kila bomba walitia alama, vumbi lisiloonekana wala kuonjeka, la bomba lako si sawa na la jirani yako. Ukinywa, alama hukaa mwilini mchana mmoja na usiku mmoja, ikitoka na jasho, kisha huisha. Nikishika kidole chako najua umekunywa bomba la nani.

Aliyekunywa bomba la mwenzake aliitwa mwizi. Bomba lake lilifungwa misimu miwili ya mvua, naye akaenda kupanga foleni kwenye tangi la Kampuni kule Mabawa, dumu moja kwa nyumba kwa siku. Mwenye bomba aliitwa aliyeibiwa, na sheria ilimlinda: bomba la aliyeibiwa halifungwi. Fomu yetu ilikuwa na visanduku hivyo viwili tu. Kisanduku cha aliyepewa hakikuwapo.

Palikuwa na kosa la tatu, nalo ndilo lililokuwa baya kuliko yote. Mtu mwenye bomba lakini jasho lake halina alama ya bomba hilo, Kampuni ilimhesabu kuwa hanywi maji yake, bali anayapeleka kwingine. Bomba lake lilifungwa papo hapo, na daima.

Tulianza saa tatu. Watu wenye mabomba ishirini na saba walisimama kwenye mstari wa kivuli uliobaki chini ya ukuta. Nyuma yangu alikaa msimamizi wangu, Devota, mwanamke wa Kilimanjaro mwenye sauti ya chini na kalamu ya kuandikia kiooni. Usomaji ni siku mbili: ya kwanza kupima, ya pili kuthibitisha.

Wa kwanza alikuwa Chande, fundi cherehani, aliyekuwa na futi ya kupimia shingoni hata siku hiyo.

"Shika taratibu, kijana," akaniambia. "Kidole hiki ndicho kinacholisha watoto watano."

Jana yake nilimwona akinywa gilasi mbili kwa Bi Salha na kuomba ya tatu. Nilijua kitakachotokea. Kioo kikaandika jina lake, namba ya bomba lake, basi. Hakuna lingine.

"Safi," akasema Devota. "Mwingine."

Mama Rehani, muuza vitumbua: safi. Mwalimu wa madrasa: safi. Mtu wa tano, wa kumi, wa ishirini: safi, safi, safi. Nikaanza kuelewa, na kuelewa kwenyewe kukanitoa jasho jingine. Gilasi yangu moja ilikuwa imeipofusha mashine. Maji ya Bi Salha yalikuwa ndani yangu, kwa hiyo mashine iliyahesabu kuwa si kitu, kwa kila aliyeyanywa. Nilikaribia kucheka. Nilikuwa nimeuokoa mtaa mzima kwa kutojali kwangu!

Kisha Bi Salha akanyosha mkono wake, mkavu na mwepesi, na kidole chenye hina ya zamani.

Kioo kilikaa kimya. Kisha kikaandika: HAKUNA.

Nilibonyeza tena. HAKUNA.

Sasa nikaona upande wa pili. Mtu mmoja tu katika mtaa ule hakuwa na maji mengine mwilini ila yale ambayo mimi nimeyafuta. Ndiye mwenyewe.

Devota akasimama. "Mama, wewe hunywi maji yako?"

"Nakunywa tangu kabla hujazaliwa," akajibu Bi Salha.

"Mashine inasema hunywi. Bomba lako ni la wastaafu, halina mgao, linatoka kutwa. Yanakwenda wapi?"

Devota akanigeukia mimi, akaniangalia machoni.

"Kibwana. Sifuri yako ni safi?"

Watu ishirini na sita walikuwa wamesimama pale, na kila mmoja aliniona nikinywa. Nikisema si safi, Devota ataweka kidole chake yeye, asome upya, na kila mmoja wao atatoka mwizi. Bi Salha atabaki na bomba lake. Nikisema ni safi, wote wataokoka, na yule aliyetunywesha atakaushwa mpaka kufa kwake. Chande alikuwa anaisokota futi yake kidoleni.

"Safi," nikasema.

Devota hakuwa mtu mbaya. Akainama karibu na bibi. "Mama, kuna njia. Toa malalamiko. Sema umeibiwa. Mwenye bomba akilalamika naruhusiwa kusoma upya. Sema tu neno hilo."

"Sijaibiwa mimi."

"Mama, elewa ninachokuambia."

"Nimekuelewa, mwanangu. Wewe ndiye hujanielewa. Mtu niliyempa kwa mkono wangu huu nimwite mwizi, halafu Magharibi nimtazame kwa jicho gani? Fungeni."

*

Ufunguo wa mabomba alikuwa nao msomaji. Ni chuma kirefu chenye kichwa cha pembe tano. Nilipiga magoti uani kwa Bi Salha, karibu na beseni la kufulia, nikautia tunduni. Devota alibaki nje akijaza fomu.

"Nitasema," nikamnong'oneza bibi. "Nakwenda kumwambia sasa hivi."

"Utasema nini? Mama Rehani akose maji ya kukandia unga? Yule mjamzito wa nyumba ya kona akasimame Mabawa juani?" Alikuwa amekaa kwenye kibao cha mbuzi kama hana haraka. "Mimi ni mmoja, mjukuu wangu. Wao ni wengi."

"Na figo zako, Bibi? Daktari alikwambia unywe ndoo ngapi?"

"Hukuwahi kumsikia daktari wangu wewe."

"Mtaa mzima unajua."

Akanitazama, akacheka kidogo. "Mtaa huu hauna siri ila moja, na hiyo umeibeba wewe. Zungusha."

Nilizungusha. Bomba likakohoa, likatoa uzi mwembamba wa maji, ukakatika. Mimi, Kibwana Semboja, niliyekuwa nikijisifu kila kijiwe kwamba sijawahi kuinamisha kichwa mbele ya mtu, nilitoka uani nimeinamisha kichwa.

*

Jioni nilirudi peke yangu, bila sare. Mikononi nilikuwa na chupa yangu ya lakiri nyekundu.

Watu walikuwa pale pale barazani, kwa mazoea. Miguu ilikuwa imewaleta. Lakini kila mmoja alikuwa na kikombe chake cha mgao, amekifunika kwa kiganja, na hakuna aliyemtazama mwenzake. Bi Salha alikaa katikati yao na jagi tupu mapajani.

"Huyo!" Chande akapaza sauti. "Kijana wa Kampuni. Umekuja kufuturu au kutusoma?"

"Nimekuja kusema. Adhana bado dakika kumi, nipeni nane."

Nikawaeleza kama nilivyoeleza hapa: sifuri ni nini, gilasi yangu ilifanya nini, na kwa nini bibi peke yake ndiye aliyetoka mtupu. Mama Rehani alijipiga paja. "Ndiyo maana! Mimi nikadhani ni dua ya mwalimu."

"Dua ilikuwapo," akasema mwalimu wa madrasa, nao wakacheka.

"Kesho wanathibitisha," nikaendelea. "Mashine ni ile ile, kidole ni changu. Leo mimi sitakunywa maji ya mtu mmoja. Kila mtu amimine kidogo ndani ya jagi la Bibi. Yachanganyike. Tunywe wote, na mimi nami. Kesho mashine haitamwona hata mmoja."

"Subiri," akasema Chande. Alisimama, na sura yake ilikuwa ya mtu anayepima kitambaa. "Haitatuona. Bibi haikumwona, wakamfungia bomba. Isipotuona sote, watatufungia sote. Hiyo ndiyo akili yako?"

"Mtu mmoja asiyeonekana wanamwita mkosaji. Mtaa mzima usioonekana watauita nini?"

"Watauita mtaa mkavu!"

"Na kama yule msimamizi ataamua kusoma upya kwa kidole chake?"

Hilo liliulizwa na yule mjamzito wa nyumba ya kona, kwa sauti ndogo. Nilikuwa nimelifikiria mchana kutwa.

"Basi ataona majina yetu yote ndani ya kila mmoja wetu. Kila mtu atakuwa ameiba kwa kila mtu, na kila mtu ameibiwa na kila mtu. Na bomba la aliyeibiwa halifungwi. Ni sheria yao, wameitunga wenyewe, kwa wino wao."

Bi Salha akagonga jagi kwa pete yake.

"Mimi sikutoa maji ili nirudishiwe," akasema. "Asiweke mtu watoto wake hatarini kwa ajili ya kizee. Kila mtu afungue kwa chake, tuswali, yaishe."

Adhana ikaanza. Tende zilikuwapo, kila mkono ulikuwa na tende, lakini hakuna aliyeinua kikombe. Mama Rehani akasimama, mwili wake mzito ukitangulia, akamimina nusu ya kikombe chake ndani ya jagi. Mjamzito akamfuata. Mwalimu akafuata. Nikavunja lakiri nikamimina chupa yangu yote. Bi Salha naye akatuma mtu ndani alete yaliyobaki mtungini, machozi yakimtiririka na yeye akijifanya anajifuta jasho.

Chande alitazama kikombe chake. "Nina watoto watano," akasema. Hakumwambia mtu maalumu. Akaingia nyumbani kwake, akafunga mlango kwa upole, kama anayeogopa kuamsha mtu.

Hakuna aliyemtukana. Nilitaka kumtukana mimi. Ulimi ulikuwa tayari. Lakini Bi Salha akaninyoshea gilasi.

*

Asubuhi Devota alifika na shingo imelowa. Jua la Tanga lilikuwa halijamzoea bado. Nikaweka kidole changu kwenye kioo, nikahesabu hadi tano. SIFURI TAYARI.

Mama Rehani: HAKUNA.

Mwalimu: HAKUNA.

Mjamzito, na tumbo lake mbele kama ushahidi: HAKUNA.

Wa ishirini na nne alipotoka HAKUNA, Devota aliniambia nisimame, akanivuta kando. "Mashine imekufa," akanong'ona, na nilisikia nafuu katika sauti yake. "Ndiyo, imekufa, na jana pia ilikuwa mbovu. Nitaandika hivyo. Yule mama tumfungulie, twende zetu. Maliza wachache waliobaki kwa utaratibu tu."

Sikutegemea hilo. Tulikuwa tumeshinda bila hata kuumia!

Aliyefuata alikuwa Chande.

Kioo kikang'aa, kikaandika bila kusita: CHANDE ATHUMANI, namba ya bomba, kiasi alichokunywa daku. Kila herufi mahali pake.

Devota alilisoma mara mbili. Nafuu ikamtoka usoni. "Mashine nzima," akasema.

Chande hakuelewa, halafu akaelewa. Aliuangalia mkono wake kama mtu aliyeukuta mkono wa mwingine ndani ya shati lake. "Soma tena," akaniambia. "Kibwana, soma tena, kosea."

"Kioo kimekuona," akasema Devota. "Mashine nzima, nayo inaniambia watu ishirini na wanne wanaishi bila maji. Nikiandika hivi naufunga mtaa huu leo." Akanigeukia. "Nakuuliza mara ya pili. Sifuri yako ni safi?"

Nilikuwa nimechoka kusema uongo kwa sauti ya chini.

"Si safi. Jana haikuwa safi, na leo ni chafu zaidi. Watu wote hawa wamo ndani yangu. Weka kidole chako usome, Dada Devota. Soma vizuri, na usome kwa sauti."

Aliifuta mashine kwa kitambaa. Akaweka kidole gumba chake, akahesabu hadi tano. Akamshika Bi Salha mkono.

Majina yakaanza kushuka kiooni. Bi Salha mwenyewe, halafu Mama Rehani, mwalimu, nyumba ya kona, yakashuka, yakashuka, na mwisho kabisa namba ya chupa yangu.

"Mama, hawa ndio waliokuibia?"

"Hao ni majirani zangu."

Akamsoma Mama Rehani. Majina yale yale. Akamsoma mwalimu. Yale yale. Alipofika mtu wa sita, Devota alimwachia mkono akakaa juu ya jiwe, kalamu mkononi, akaitazama fomu yake yenye visanduku viwili. Nilimwona akiandika jina upande wa mwizi, kisha jina lile lile upande wa aliyeibiwa. Akaandika la pili hivyo hivyo. Iliuchukua mkono wake muda mrefu, na mtaa mzima ulisikia kalamu ikigusa kioo.

Alipomaliza akanyosha kiganja. "Kitambulisho."

Nikampa.

"Na ufunguo. Umedanganya mara moja mbele ya mashahidi, na kwa hilo wasomaji wana fomu yao. Bomba la kwenu linafungwa leo, misimu minne."

"Najua."

Akaingia uani kwa Bi Salha, sketi yake safi ikagusa tope, akautia ufunguo mwenyewe. Bomba la aliyeibiwa halifungwi. Likakohoa, likatapika kutu, kisha likatoa maji. Alipotoka alipita karibu yangu.

"Watabadilisha sheria," akasema taratibu. "Nikifika ofisini na fomu hii, kabla ya Idi watakuwa wameandika nyingine. Wataongeza kisanduku. Umepata nini, Kibwana?"

Lakini Bi Salha alikuwa ametusikia. Akatokea mlangoni, khanga kaifunga kiunoni, akapiga kelele ambayo sikujua kifua kile kinaweza kuitoa.

"Enyi! Mnangoja nini? Sheria mpya haijafika! Leteni madumu, leteni mapipa, leteni hata masufuria!"

Mtaa ukapasuka. Watu wenye saumu, midomo imekauka, walikimbia kama watoto. Mapipa yalibingirika, ndoo zikagongana, mtu akaleta beseni la kuogeshea mtoto, Mama Rehani akasimamia bomba akipanga watu na kutukana anayeruka foleni.

Chande alisimama mlangoni kwake na madumu mawili, hasogei.

"Chande!" Bi Salha akamwita. "Unangoja kupigwa picha? Leta hayo madumu."

"Jina langu halimo, Bibi."

"Nimekuuliza jina?"

Akaja, macho chini, akasimama mwisho wa mstari. Mimi sikuwa na dumu, wala sare, wala bomba la kurudia nyumbani. Nikamwomba Chande dumu moja. Akanipa bila kunitazama. Nikasimama nyuma yake.